Baba umeacha unga? Anza hivi kurudi kwa watoto wako

Kaka yangu ulieacha unga, yaani heroini, usirudi nyumbani na ahadi, watoto washazisikia nyingi. Anza na kitu kidogo cha kila siku. Mfano kama uko kwa methadone, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale Kisauni, Mombasa, ile dozi si unaenda kuinywa kila siku mbele ya mhudumu, basi na mtoto vilevile, alasiri msubiri nje ya madrasa saa ileile umrudishe nyumbani, hata akikununia mwezi mzima we nenda tu. Akikuuliza mbona uliuza tivii yetu mjibu, "Niliuza mimi, mwanangu, nilikosea," usimsingizie shetani wala marafiki.

Mke usimlazimishe akuamini. Ukipata kibarua pesa mpe yeye ashike, noti mfukoni mwanzoni ni hatari sana.

Na hili jamani msilichukulie poa: ukiteleza baada ya kukaa bila, mwili ushapoteza mazoea, kipimo cha zamani chaweza kukuua, kwa hivyo waambie nyumbani mapema, wakikuona umezimika wakukimbize hospitali wasifiche kwa aibu. NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, hata mke anaweza kupiga.