Alteneta haichaji? Pima waya kwanza
Huku Malindi chumvi ya bahari inakula taminali (viungo vya waya) chini kwa chini, so gari la zamani likiacha kuchaji usikimbilie alteneta (ile mashine ya injini inayochaji betri) nyengine. Washa injini na taa zote, mita ya umeme iwe volti za DC, ncha moja gusa nati nene nyuma ya alteneta, nyengine chanya ya betri yenyewe, sio klemu inayoishika. Ikipita volti 0.5 umeme unapotea njiani: zima gari, chomoa hasi ya betri ndio ufungue taminali za waya huo, piga msasa mpaka shaba ing'ae, kaza. Bodi ya alteneta (chuma chake cha nje) na hasi ya betri pia pima, hapo hata volti 0.3 ni nyingi, na wengi huisahau hii. Bila taa umeme unaopita ni kidogo, waya mbovu utasoma kama mzima. Ila ukipata sufuri na betri inabaki volti 12 tu injini ikiwaka, basi alteneta haitoi kitu, hapo angalia ule waya mdogo wa taa ya dashibodi kabla ya kuishusha.