Goti limepona lakini uvimbe umebaki: angalia ulipo kwanza

Goti lililoumia uwanjani linaweza kuacha kuuma na bado likabaki na uvimbe. Kabla ya kupaka dawa ya kuchua, tafuta kama ni nundu ya sehemu moja au goti zima limejaa.

Kaa kitandani, nyoosha mguu, legeza paja. Kwa kiganja, sukuma upande wa ndani wa goti kuelekea pajani mara mbili tatu, kisha shusha kiganja upande wa nje. Kishimo cha ndani, kando ya pia (mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti), kikijaa tena, maji yamo ndani ya kiungo. Zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya pia, magoti yote mawili, kila asubuhi. Maji hayo, hata yakiwa kidogo, hulegeza msuli wa mbele wa paja. Goti linakosa nguvu, linaelemewa, linajaa tena. Ndiyo maana kupumzika peke yake hakutoshi. Weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, likandamize kwa kubana paja kwa sekunde 5, mara 10, mizunguko mitatu kwa siku. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15. Kipimo cha asubuhi kikiongezeka, jana ulizidisha, punguza.

Nundu laini juu ya pia, hasa kwa makipa, ni kifuko cha chini ya ngozi kilichojaa maji. Acha kupiga magoti. Ikiwa ya moto na nyekundu, au una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nyuma ya goti, kivimbe kinachokaza ukinyoosha mguu na kulegea ukikunja hutokana na maji ya kiungo yaliyosukumwa nyuma. Kukinyonya kwa sindano bila kutibu chanzo cha maji, mara nyingi gegedu lililochanika (tishu laini kati ya mifupa ya goti), ni kupoteza hela, maana mara nyingi kinarudi. Kikipasuka, shavu la mguu huvimba na kuuma sawasawa na damu iliyoganda mshipani, na hapo hakuna kubahatisha: ultrasaundi haraka. Nundu inayohamahama huku goti likikwama ni kipande cha gegedu au mfupa kilichobanduka ndani.

Kwa kijana wa miaka 10 hadi 15, nundu ya mfupa chini ya pia huletwa na kano inayovuta mfupa unaokua. Apunguze kuruka na kukimbia. Maumivu huisha, nundu inaweza kubaki, na si tatizo.

Paja lililopigwa teke juu ya goti na kuvilia damu lisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto siku za mwanzo. Kulikanda kwa nguvu huongeza uvujaji, na damu hiyo inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Eksirei huuonyesha baada ya wiki tatu hivi. Lakini nundu ngumu inayozidi kukua, au inayouma usiku umelala, ipigwe eksirei sasa, hata kama unakumbuka vizuri siku uliyoumia.