Ukiwa Ayalandi tenga siku moja uende Cobh

Tuanze na jina, maana ukilisoma kama lilivyoandikwa hata mkata tiketi atakuangalia tu. Inaandikwa Cobh, inasomwa kovu, kovu hilo hilo la kidonda, ila u ya mwisho unaimeza. Kiayalandi ndo kilivyo, b na h zikikaa pamoja zinatoa v, usiulize sana. Malkia Victoria alipotembelea 1849 mji ukabadilishwa jina ukaitwa Queenstown, afu miaka ya 1920 wenyewe walipokuwa wanaachana na mambo ya Mwingereza wakarudisha jina lao. Kwa hiyo ukisikia Queenstown kwenye habari za Titanic, ni hapo hapo.

Najua wengi mkipata mgeni mnampeleka Howth au Bray kwa sababu zipo karibu na Dublin na unafika kwa DART, treni ya mjini ya Dublin, sina ubaya nazo. Ila mtu wa kwetu akija mi nampeleka Cobh hata kama ni mbali, na siyo kwa ajili ya kuogelea maana ufukwe wa mchanga pale usitegemee, mavazi ya kuogelea acha nyumbani. Ni mji wa bandari, nyumba za rangi rangi zimepanda mlima, kanisa kubwa juu, maji chini.

Usafiri: toka Dublin unapanda treni stesheni ya Heuston mpaka stesheni ya Kent mjini Cork, ni kama masaa mawili na nusu, afu hapo hapo Kent unabadilisha treni ya Cobh, dakika 25 hivi. Tiketi kata onlaini mapema, bei inakuwa nafuu kuliko kukata siku yenyewe, na ondoka asubuhi mapema la sivyo siku yote itaishia kwenye siti. Sasa sikiliza hapa. Pale Kent treni za Cobh na za Midleton zinatumia njia moja mpaka Glounthaune ndo zinaachana. Mi mara ya kwanza nilipanda tu nikakaa, niko bize na simu, nakuja kushtuka naona mashamba badala ya bahari, nikashukia Midleton kusubiri ya kurudi huku mvua inaninyeshea. Soma kibao. Ukiwa kwenye ya Cobh yenyewe utajua, maana mji uko kisiwani na treni inavuka maji kufika. Njiani kuna kituo cha Fota, kuna bustani ya wanyama yenye twiga na duma, watoto wakiona tu jina watataka kushuka. Amua mwenyewe kama umetoka Arusha ili ulipe kuona twiga kwenye manyunyu.

Kabla sijasahau, nyie mlioko Uingereza na mna pasi ya Kenya au Tanzania: kibali chako cha kukaa Uingereza hakikuingizi Ayalandi, na viza ya Schengen nayo haifanyi kazi kwa sababu Ayalandi haimo Schengen. Unaomba viza ya Ayalandi yenyewe. Usije ukadanganywa kwamba mpaka wa upande wa Belfast, ule wa Ayalandi Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, hauna askari so twende tu, wakikukagua kwenye basi utaeleza nini.

Mwaka jana nilienda na shangazi yangu, alikuja kututembelea toka Tanga. Ukishuka kwenye treni tu jengo la stesheni ya zamani ndo makumbusho ya wahamiaji, Cobh Heritage Centre, na nje karibu na maji kuna sanamu ya msichana na wadogo zake wawili wa kiume. Anaitwa Annie Moore. Aliondoka hapo tarehe 20 Desemba 1891 na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Shangazi akazunguka ile sanamu akauliza, na mama yao yuko wapi? Nikamwambia wazazi walikuwa wametangulia New York, watoto wakaitwa baadaye. Akaguna. "Kumbe kuitana hakujaanza leo, mwanangu."

Ndo maana nasema twende Cobh. Baada ya ile njaa ya viazi kuoza mashambani iliyoanza 1845 watu walimiminika kuondoka, na kati ya 1848 na 1950 bandari hii peke yake ilitoa watu milioni 2.5. Usiku wa mwisho kabla ya safari kijiji kizima kilikuwa kinakesha na msafiri, wanakula, wanacheza, wanalia, na wenyewe wakauita kwa neno lile lile la kukesha na maiti, kwa sababu walijua hawatamuona tena. Matanga ya mtu mzima na afya yake. Nilipomsimulia hilo shangazi hakusema kitu muda mrefu, na yeye si mtu wa kukaa kimya.

Titanic ilisimama hapa tarehe 11 Aprili 1912, kituo cha mwisho. Haikuingia gatini, ilitia nanga nje kabisa, abiria 123 wakapelekwa kwa vyombo vidogo. Ofisi ya tiketi ya kampuni ya meli hiyo, White Star Line, bado ipo na ni makumbusho, ukilipa unapewa kadi yenye jina la abiria wa kweli, mwisho unaambiwa kama alipona. Wa shangazi alizama, akamsikitikia mpaka jioni. Nyuma ya jengo angalia nguzo za mbao zimeoza majini, ndo mabaki ya gati walilopandia.

Afu sasa kilima. Kupanda kanisa la Mtakatifu Colman vaa raba, magoti ya wazee yahurumie, pumzikeni njiani. Kengele ziko 49 na zikianza kulia mji mzima unasikia. Picha zile za nyumba zimepangana kama karata na kanisa nyuma yake unapigia mtaa wa West View, nyumba ni 23 na watu wanaishi humo kwa hiyo msikalie ngazi zao. Wakenya mtafurahi kumuona Sonia O'Sullivan naye ana sanamu, bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 1995, kazaliwa hapa. Na Brother Colm O'Connell wa Iten, mwalimu wa mkimbiaji Rudisha, naye ni mtu wa kaunti hii hii ya Cork.

Chakula: samaki na chipsi, kalieni kwenye benchi za Kennedy Park lakini mkono mmoja uwe juu ya chakula, wale shakwe ni vibaka. Mimi kipande cha samaki kilitoka mkononi kikiwa kinaelekea mdomoni. Supu yao nzito ya samaki ni tamu na mkate wa kahawia, ila kwa Waislamu ulizeni kwanza, wengine wanatia vipande vya nguruwe au mvinyo. Sisi tulibeba chapati na chai kwenye chupa. Mwavuli usihangaike nao, upepo wa pale unaugeuza ndani nje, jaketi lenye kofia ndo mpango. Na angalia ratiba ya meli za kitalii, siku zikitia gati mji unajaa mpaka choo ni foleni. Kisiwa cha Spike chenye gereza la zamani kinataka nusu siku nzima na boti, kama umetoka Dublin asubuhi kiache.

Kurudi, piga hesabu ya treni ya mwisho ya Cork kwenda Dublin, inatoka mapema jioni kuliko unavyodhani, ikikuacha tafuta basi. Tukiwa tunasubiri pale Cobh shangazi aliomba simu yangu apige picha. Nikajua anataka bahari. Akageukia reli, zile za kuingilia mjini walizokuja nazo wengi wa wale milioni mbili na nusu na mabegi yao, akapiga moja tu. Hiyo ndo aliyoituma kwenye grupu la familia.