SOMO: Kuweka TV karibu na meko, jiko au hita bila kuiua kwa joto

Habari zenu wanachama.

Juzi nimeletewa TV inayowaka taa nyekundu tu, picha hakuna. Nilipofungua mfuniko wa nyuma nikakuta kapasita mbili (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) za bodi ya pawa, yaani bodi inayolisha TV umeme, zimevimba vichwa, moja imepasuka juu na kuacha ukoko wa kahawia. Nikaendelea hadi kwenye taa za nyuma ya kioo: ile karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga ilikuwa imegeuka njano, hasa upande wa chini. Nikamuuliza mwenyewe, "Ilikuwa inakaa wapi?" Akajibu, juu ya meko. Msimu mzima wa baridi ilifanya kazi vizuri kabisa, akaamini pale ni salama.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Joto haliui TV siku moja. Lile linaloyeyusha plastiki utaliona mapema na utaihamisha. Linalomaliza TV nyingi ni lile la kawaida linalopanda kimya kimya kila jioni.

Kapasita hizo zina kimiminika ndani, na joto hukikausha. Mafundi tuna kanuni ya makadirio: kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Usidanganyike na namba 85 au 105 iliyoandikwa ubavuni. Hicho ni kiwango cha nyuzijoto ambacho kapasita huhimili kwa saa maalumu tu, mara nyingi elfu chache, na ndani ya TV huwa na joto kuliko sebuleni.

Hatua ya 1: Soma kitabu cha TV. Tafuta ukurasa wa mazingira ya matumizi. TV nyingi za nyumbani huandikiwa mwisho nyuzijoto 40 za hewa inayoizunguka. Soma na cha hita au meko pia, maana huandika umbali wa kuacha mbele na juu yake.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kutoboa ukuta. Hatua hii ndiyo somo lenyewe, tafadhali msiiruke. Chukua kipimajoto cha kawaida, kibandike kwa utepe ukutani pale ambapo ukingo wa chini wa TV utafika. Washa moto kama unavyouwasha siku ya baridi kali, si moto wa majaribio. Acha saa 2 au 3, ukisoma kila nusu saa. Kisha hamishia kipimajoto katikati na juu, usome tena.

Moto ukizimwa usiondoe kipimajoto. Ukuta wa matofali hushika joto na kuendelea kulitoa kwa muda mrefu, na mara nyingine namba hupanda zaidi baada ya moto kufifia. Nimeshaona hilo kwa macho yangu, na kama ningeondoka mapema ningempa mteja jibu la uongo.

Mimi nataka namba isizidi 35. Kwa nini si 40? Kwa sababu TV nayo ina joto lake. TV ya ukubwa wa kati inakula wati 50 hadi 150 hivi, na karibu zote huishia kuwa joto.

Hatua ya 3: Fikiria ubavuni kwanza. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo juu ya moto ndipo pabaya kuliko pote. Ukisogeza TV pembeni ya meko kwenye ukuta huohuo, mara nyingi tatizo limeisha. Kwa hita ya waya unaowaka mwekundu, hata ubavuni haitoshi ikiwa imeelekezwa kwenye TV, kwa kuwa joto lake husafiri moja kwa moja kama mwanga. Igeuze, na acha angalau mita 1.

Hatua ya 4: Ikibidi iwe juu, weka rafu imara kati ya moto na TV, inayotokeza mbele kuliko TV yenyewe. Rafu husukuma hewa ya moto ielekee mbele badala ya kulamba kioo. Ukishaifunga, rudia hatua ya 2. Na usitoboe ukuta wenye bomba la moshi kabla ya kujua bomba limepita wapi.

Hatua ya 5: Iachie pumzi. Sentimita 10 pembeni na juu. Kuizamisha kwenye shimo la ukuta juu ya meko ni kuifungia kwenye oveni.

Hatua ya 6: Nyaya. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na TV na king'amuzi. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake. Waya wa TV usipite juu wala nyuma ya hita.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, nikizima TV wakati moto unawaka, si itakuwa salama?
Inasaidia kidogo, kwani joto lake yenyewe halitaongezeka. Lakini joto la moto linaingia vilevile, iwe imewashwa au imezimwa. Kama kipimo kimezidi 40, ihamishe.

Mkuu, yangu ilitokea wingu jeusi pembeni ya kioo, usiku likaondoka lenyewe. Imeharibika?
Kioo cha LCD kina kimiminika maalumu, na kikipata joto kupita kiasi hupoteza mpangilio wake na sehemu hiyo huwa nyeusi. Kikipoa hurudi. Kioo chako kimepona, ila umeonyeshwa dalili ambayo wengi hawaipati. Itoe hapo leo.

Sisi tunaota jiko la mkaa sebuleni. TV iwe umbali gani?
Ndugu yangu, hapa naiacha TV kwanza. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Jiko hilo litoke nje. Ukishafanya hivyo, swali la TV halipo tena.

Naweza kubadilisha hizo kapasita mwenyewe?
Kama hujawahi, hapana. Kapasita kubwa ya bodi ya pawa inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpelekee fundi.

Sina kipimajoto. Nikiweka mkono ukutani si inatosha?
Mkono unadanganya, dada. Ngozi yako ina joto la nyuzi 33 hivi, kwa hiyo ukuta wa nyuzi 40 utauona una uvuguvugu tu, hata mzuri. Mkono unafaa kwa kazi moja: ukishindwa kuuacha pale kwa raha, umevuka mpaka mbali sana. Azima kipimajoto cha chumba kwa jirani jioni moja tu, kisha nipe namba ulizosoma chini, katikati na juu. Nitakwambia pa kuiweka.