Sindano ya utumbo unaotoka kwa mtoto: kabla, siku yenyewe na baada

Nyama nyekundu inayochomoza mtoto akienda haja kubwa ni mwisho wa utumbo unaotoka nje. Huwatia wazazi hofu, lakini wengi wa walio chini ya miaka 4 hupona bila sindano. Sindano ni ya yule ambaye utumbo bado unatoka baada ya miezi kadhaa ya matunzo mazuri, au kuurudisha kumekuwa kazi.

Ukitoka, urudishe upesi kabla haujavimba. Mlaze mtoto ubavu, magoti kifuani. Vaa glavu, paka vaselini, kandamiza polepole bila kuachia kwa dakika kadhaa. Akilia, msubiri atulie, maana kilio husukuma utumbo nje tena. Umeshavimba? Nyunyizia sukari ya kawaida. Huvuta maji, na kwa robo saa hivi utanywea. Ukigoma, au ukiwa wa zambarau au mweusi, ufunike kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, uende hospitali papo hapo, hata kama ni usiku. Anayekaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akumbuke foleni ya feri, atoke mapema.

Sindano hudungwa chumba cha upasuaji, mtoto akiwa chini ya nusukaputi. Chakula hukomea masaa 6 kabla, ziwa la mama masaa 4, maji matupu masaa 2, isipokuwa daktari aseme vingine. Dawa ni tofauti: fenoli ya asilimia 5 katika mafuta ya lozi, glukosi ya asilimia 50, alkoholi, au maji ya chumvi kali. Zote huchoma kidogo nyama za kando ya utumbo ili kovu liushike mahali pake. Kwa zile zinazowekwa nje ya utumbo, daktari hutia kidole ndani kuongoza ncha. Ikitoboa ukuta, au dawa ikirundikana mahali pamoja, huja jipu, kidonda, hata njia kuwa nyembamba. Kwa hiyo uliza ni dawa gani, na useme mapema kama mtoto ana mzio wa lozi au njugu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: mtoto anarudi nyumbani, choo bado kigumu, anakamua, na kovu changa linaachia. Lainisha choo tangu kabla ya sindano: maji ya kutosha, papai, mbaazi, na dawa ya maji ya kulainisha aliyoandikiwa. Akae kwenye poti, nyayo zikikanyaga chini, si zaidi ya dakika 5; choo cha kuchutama kiachwe kwa muda. Minyoo itibiwe, na akihara apewe ORS na zinki.

Matone machache ya damu siku ya kwanza si ajabu. Homa, uvimbe unaouma, damu inayoendelea, kushindwa kukojoa au mguu kulegea, mrudishe siku hiyohiyo. Utumbo ukitoka tena baada ya wiki kadhaa, sindano ya pili hufanyika. Upasuaji mkubwa hufikiriwa baadaye.