Nyaraka za CSS: soma kijedwali kwanza

Wadau mnaojifunza kutengeneza tovuti hapa Mbeya, msijione vilaza mkifungua nyaraka za CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti) za W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, halafu mkatoka patupu. Sehemu kubwa inaongea na wanaounda vivinjari, sio sisi wa kupamba kurasa. CSS 2.1 ya mwaka 2011 yenyewe inataja wasomaji wa aina mbili: wanaoandika CSS na wanaounda programu za kuisoma.

Kwa hiyo usisome mwanzo mwisho kama riwaya. Tafuta jina la sifa (property, mfano width, yaani upana) unayoitaka, uangalie kijedwali chake: thamani ya mwanzo, inatumika kwenye elementi (vipande vya ukurasa) zipi, inarithiwa au la.

Mimi nilipoteza jioni nzima Mwanjelwa, baridi ya Julai hiyo na bando linayoyoma, nikibishana na width iliyogoma kwenye span, elementi ya kuzungushia maneno ndani ya mstari. Kumbe kijedwali kinasema wazi kwamba width haishiki kwenye elementi za ndani ya mstari, isipokuwa vitu kama picha. Nikaweka display: inline-block, inayoiacha span kwenye mstari lakini ikubali upana, ikatii palepale.

Zile aya ndefu za ukokotoaji ruka tu, labda kama unaunda kivinjari chako.