Jiokeshi Dodoma: jinsi ya kuanza, vifaa vya kubeba na namna ya kurudi salama

Kuna mchezo mmoja ambao, kwa macho yangu, vilima na mawe ya Dodoma vimeumbwa kwa ajili yake. Unaitwa jiokeshi. Mtu anaficha kopo lenye daftari dogo ndani, anachukua namba za latitudo na longitudo za mahali hapo kwa GPS, kisha anazitangaza mtandaoni. Wengine wanazifuata mpaka kwenye kopo, wanaandika jina na tarehe daftarini, wanalirudisha pale pale. Hakuna anayelipwa. Unachopata ni matembezi yenye shabaha, na kujua pembe za mkoa ambazo usingezifikia kwa sababu nyingine yoyote.

Mchezo ulianza Mei 2000, Serikali ya Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Septemba mwaka huohuo tovuti ya Geocaching.com ikaanza kazi. Leo makopo yako kwa mamilioni duniani.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja. Miongozo mingi ya nje inamfundisha mchezaji ajifiche, asionekane akitafuta. Hapa kwetu nakushauri kinyume kabisa. Dodoma ni makao makuu ya nchi, walinzi wapo kila upande, na hata kilima kinachoonekana kitupu kina mchungaji mahali fulani anakutazama. Mtu anayezunguka jiwe huku anachungulia simu na kukwepa watu atatiliwa shaka haraka sana. Cheza waziwazi.

Hatua ya 1: Andaa simu

Huhitaji kununua kifaa maalumu. Simu janja yenye GPS inatosha. Fungua akaunti ya bure Geocaching.com, kisha pakua programu yao, au kama unatumia Android, weka c:geo, ambayo ni ya bure na mimi ndiyo naipenda zaidi. Pakua pia ramani ya mkoa ya kutumia bila bando, kwa mfano kwenye Organic Maps. GPS yenyewe haili bando, lakini ramani isiyopakuliwa itabaki ukurasa mtupu ukishaingia nyuma ya vilima ambako mtandao unakatika.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu namba, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mchezo huu huandika mahali kwa nyuzi na dakika zenye desimali, namna hii: S 06° 10.350 E 035° 44.800. Huo ni mfano tu, usiufuate. Ukizichukua namba hizo ukaziandika kwenye ramani kama 6.10350 na 35.44800, ramani itakubali bila kulalamika na kukupeleka takriban kilomita 34 kutoka mahali halisi, huko upande wa Bahi. Sababu ni kwamba 10.350 ni dakika, si sehemu ya nyuzi, na dakika 60 ndizo zinazofanya nyuzi moja. Gawanya kwanza: 10.350 kwa 60 unapata 0.1725, kwa hiyo latitudo yako ni 6.1725 kusini. Fanya hivyohivyo kwa longitudo. Vilevile jua kwamba tarakimu ya mwisho kabisa ya dakika ni kama mita 1.85 ardhini. Ikibadilika kwa kumi, umesogea mita 18 na ushee.

Hatua ya 2: Chagua kopo la kuanzia

Katikati ya Tanzania makopo ni machache na yako mbalimbali, usitegemee msongamano wa miji ya Ulaya. Kila kopo lina alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kuliona, ya pili ni ugumu wa njia. Anza na 1.5 kwa zote. Angalia na ukubwa: dogo kabisa halijazi kikombe, la kawaida ni la lita 1 hadi 20. Halafu soma walichoandika waliotangulia. Kama watu kadhaa wamefuatana kusema hawakulipata, huenda halipo tena.

Dokezo la mwenye kopo mara nyingi limefichwa kwa kusogeza kila herufi hatua 13 kwenye alfabeti ya Kiingereza, hivyo JIWE linaandikwa WVJR. Programu inalifungua kwa kubonyeza, ila kulifungua kwa penseli ukiwa umeketi kivulini kuna raha yake.

Ukikosa kopo la karibu, mwambie rafiki afiche moja shambani kwake Nzuguni au Mpunguzi, akutumie namba kwa WhatsApp. Kwa mazoezi hakuna kilichopungua.

Hatua ya 3: Vifaa

Maji kwanza. Dodoma ni nchi kavu, na jua la saa sita juu ya jabali linakuchoma kutoka juu na kutoka chini. Lita mbili kwa mtu kwa nusu siku, na usizipunguze kwa sababu unaona mlima uko karibu. Kofia pana, shati la mikono mirefu, suruali ngumu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Ndala hapana: miba ya migunga inapenya soli laini, na mbigili zimejaa njiani.

Kisha pawabenki iliyojaa, maana GPS na kioo chenye mwanga mkali vinamaliza chaji upesi. Penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hukaukia kwenye joto. Tochi ya kichwani hata kama unaenda asubuhi, kwa ajili ya kuchungulia nyufa. Fimbo ya urefu wa mita moja hivi, hii usiiache kamwe. Bandeji pana, kibanio cha kuchomolea miba, na mfuko wa kubebea taka utakazokuta njiani.

Hatua ya 4: Salamu kabla ya simu

Ukifika eneo, weka simu mfukoni kwanza. Mgeni mwenye kifaa cha GPS Dodoma ana maana moja tu kwa wenyeji: anapima viwanja. Katika mji ambao ardhi imepanda bei namna hii, mtu akiona unapima jirani na shamba lake lazima moyo umruke, na ana haki. Asipokudhania mpimaji, atakudhania mtafuta madini.

Mimi huanza na yeyote aliye karibu. Kama ni wazee wa Kigogo, "Mbukwenyi" inafungua uso mara moja. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapima viwanja?"

"Hapana babu. Ni mchezo. Kuna kopo limewekwa kule kwenye mawe, lina daftari tu. Tukilipata tunaandika majina, tunaliacha hapohapo."

"Ndani mna nini?"

"Daftari, penseli na vidude vya watoto. Kama una nafasi twende wote ulione."

Mara nyingi anakuja. Na akija, ndiye atakayekuambia jiwe lipi lina nyuki, na njia ipi haipiti katikati ya mtama wa mtu. Hiyo taarifa haimo kwenye programu yoyote.

Usimwambie mtu unatafuta hazina, hata kwa utani. Simulizi za mali zilizofukiwa na Wajerumani bado zina nguvu, na kuna watu wanachimba na kupasua miamba kwa kuziamini. Ukiondoka, wanaweza kurudi na sururu pale ulipopekua. Sema kopo, sema daftari.

Kuna maeneo ya kukaa nayo mbali kabisa: ofisi za serikali, Mji wa Serikali wa Mtumba wote ukiwemo, kambi za jeshi na polisi, minara ya mawasiliano, mabwawa ya maji ya mji, na njia ya reli. SGR inaendeshwa kwa umeme, nyaya zake hazichezewi. Mlinzi akikuita, nenda kwake, msalimie, mwonyeshe simu na ueleze. Akisema ondoka, ondoka bila kubishana. Kopo lipo hata kesho.

Mibuyu mingine na baadhi ya miamba ni mahali pa matambiko. Uliza kabla ya kugusa. Na kwenye michoro ya mapango ya Kondoa, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, hapafichwi kitu wala hapapekuliwi. Nenda Kolo, chukua mwongozaji, tazama bila kugusa. Michoro hiyo imekaa miaka mingi sana, haifai iharibike kwa sababu ya mchezo wetu.

Hatua ya 5: Tafuta

Ukibakiza mita 30, punguza mwendo. Mahali pa wazi simu hukosea kama mita 5. Ukiwa umebanwa na majabali, mawimbi ya GPS yanagonga mwamba kabla ya kufika kwenye simu, na kosa linaweza kuvuka mita 15. Kwa hiyo simama mahali peupe, iache simu itulie dakika moja, kisha tazama mshale unaelekea wapi. Sogea upande mwingine, fanya tena. Mistari hiyo inapokutana, ndipo pa kuanzia.

Kisha acha kutazama simu. Jiulize: ningekuwa mimi, ningeweka wapi? Tafuta kisichofanana na kazi ya mvua na upepo: vijiwe vilivyopangwa kuziba ufa, gome lililolala juu ya shina la mti usio wake. Mawe ya Dodoma yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 na yanabanduka mabamba kama maganda ya kitunguu, hivyo chini ya kila bamba pana uwazi unaoweza kuficha kopo. Au nyoka.

Ndiyo sababu ya fimbo. Usiingize mkono mahali ambapo macho hayajaingia. Gonga kwanza, mulika, subiri, ndipo uguse. Bamba la jiwe ukiliinua, linyanyue upande wa mbali ili lifunguke kuelekea mbali nawe. Kifutu hulala tuli wala hakimbii, na nge hupenda ubaridi wa chini ya mawe.

Mwenzako akiumwa na nyoka: mketishe, mtulize, mvue pete na saa, funga kiungo kwa bandeji na kijiti ili kisijongee, mkimbize hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Usimkimbize nyoka kutaka kumwonyesha daktari. Namba ya dharura ni 112, na kabla ya kutoka nyumbani weka namba ya bodaboda au dereva unayemjua eneo hilo, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye atakayefika mapema.

Nyuki wakichafuka, funika uso, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya gari au nyumba. Kusimama na kupunga mikono kunawaita wengine.

Usiende peke yako, na mwachie mtu nyumbani jina la mahali na saa ya kurudi. Saa kumi jioni uwe umeshaanza kushuka. Kati ya Desemba na Aprili tazama mawingu: jabali tupu ni mahali pabaya pa kukutwa na radi, na korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi linaweza kushuka maji ya mvua iliyonyesha mbali na ulipo.

Hatua ya 6: Saini, badilisha, rudisha

Andika jina lako la mchezo na tarehe. Ukichukua kidude, acha chenye thamani sawa au zaidi. Vyenye namba ya ufuatiliaji vinasafiri kutoka kopo hadi kopo, ukikichukua kiandikishe na ukipeleke mbele. Funga mfuniko mpaka usikie umebana, rudisha kila jiwe lilivyokuwa, halafu andika mtandaoni, hata kama hukulipata.

Hatua ya 7: Ficha lako

Subiri uwe umetafuta kadhaa kwanza. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Sheria za Geocaching.com zinataka lisifukiwe ardhini, liwe angalau mita 161 kutoka kopo jingine, na lisiwe na chakula, dawa wala silaha. Chakula kwetu kinaita nyani na siafu kabla ya siku kuisha. Wamarekani wanapenda masanduku ya risasi ya jeshi, hapa usithubutu. Sanduku la mbao nalo mchwa watalimaliza. Chukua kopo la plastiki nene linalopitisha mwanga, la mfuniko wa kubana, libandike maandishi ya Kiswahili yanayoonekana: hili ni la mchezo, halina kitu cha thamani, tafadhali liache hapa. Ndani weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Liweke kivulini, kwa sababu jua hukausha plastiki mpaka ikapasuka.

Mwonyeshe mzee anayekaa jirani lilipo, na umwombe awe macho yako. Watoto wa hapo waonyeshe pia, waandike majina yao kwanza. Likague mara mvua zinapoisha, mwezi Mei, ubadilishe daftari lililolowa. Ukihama mji, mkabidhi mchezaji mwingine, au liondoe na ulifunge mtandaoni siku hiyohiyo.